Alama ya Mtu

Belise alifunga tena mlango ambao haukuwapo. Aliuvuta kwa mkono wa kushoto, akaonyesha komeo linavyoingia mahali pake, kisha akageuka na kuwa yule mwingine, yule aliyebaki naye upande wa ndani. Watu walikuwa wanamtazama kutoka kwenye viti vyao, kila mmoja na chupa ya maji mbele yake. Kijana mmoja mwenye miwani, Igor, alisimama kando ya ubao akijaribu kusema kwa mdomo kile ambacho mikono ile ilikuwa inasema.

"Alifunga... alifunga dirisha."

"Mlango," alisema Mwalimu Rutayisire.

"Alifunga mlango. Halafu akamu... akamusukuma kwa... Samahani, Mwalimu, anaenda mbio sana."

"Haendi mbio. Ni wewe unayechelewa. Mwambie arudie."

Igor akamwonyesha Belise alama ya kurudia. Belise alishusha pumzi, akajifuta jasho chini ya pua, akarudi nyuma hadi pale mlango ulipokuwa, akaufunga tena.

Mama yake, Mukandori, alikuwa amekaa nyuma kabisa, karibu na meza ya chai, kwenye kiti walichomtengea ili asiwe katikati ya wanafunzi. Alijifunga kitenge chake cha misa, ila miguuni alikuwa na kandambili. Jozi ya viatu vya kufunika ilikuwa moja tu nyumbani kwao, na wiki ile nzima ilikuwa miguuni mwa Belise. Siku ya kwanza Mukandori alitazama mikono ya mwanawe mpaka akatoka nje kwenda kutapika nyuma ya ua wa hoteli. Siku hizi alitazama viatu tu. Vilikuwa vyeusi, soli ya kulia imeshonwa kwa uzi wa nyavu, na kila Belise alipofika mahali pale pa kusukumwa, kisigino cha kulia kiliinuka kidogo kutoka sakafuni.

Ukumbi ulikuwa mzuri. Ulikuwa na mapazia marefu na dirisha pana linaloangalia ziwa, na mhudumu aliyepita kila mara kuokota chupa tupu. Ukutani walikuwa wametundika kitambaa chenye maandishi makubwa, na chini yake picha ya mikono miwili iliyoshikana. Kwamba mikono ile haikuwa inasema neno lolote, hilo Mukandori alikuwa ameliona tangu walipoingia.

Belise alikuwa na miaka ishirini na miwili. Homa ya uti wa mgongo ilimkuta akiwa bado ananyonya, ikaondoka na masikio yake. Shule ya viziwi ilikuwa mbali, na ilipokuja kupatikana nafasi walisema ameshavuka umri. Kwa hiyo lugha ya nyumbani kwao, kule Nyamyumba, ilitengenezwa na watu wawili, jikoni na shambani, kidogo kidogo. Mvua ilikuwa vidole vikidondoka juu ya paji la uso. Sambaza, wale samaki wadogo wa ziwa, walikuwa kidole cha mwisho kikitetemeka. Baba yake Belise, aliyevuka mpaka kwenda kutafuta kazi asirudi, alikuwa mkono ukigusa bega halafu ukienda zake.

Na Kimenyi alikuwa kidole cha shahada kikizunguka hewani. Kimenyi ndiye mwenye vichanja vya kuanikia sambaza pale ufukweni. Wanawake nusu ya kijiji, Mukandori na Belise wakiwamo, walikuwa wanamfanyia kazi ya kugeuza samaki juani, na walimwita Patroni. Hakuwahi kusimama mbele ya mtu bila kuzungusha kidoleni pete ya funguo zake: za stoo, za gari, za nyumba aliyokuwa anajenga kule juu. Belise alipokimbilia nyumbani siku ile, kabla ya masika, blauzi imegeuzwa nje ndani, hakuhitaji kueleza sana. Alizungusha kidole. Akasuka vidole vyake vya mikono miwili, ikawa stoo ya nyavu. Akafunga mlango.

Mukandori alikwenda kushitaki siku ileile. Mpelelezi aliyempokea, Védaste, aliandika maneno yote, Belise akionyesha kwa mikono na Mukandori akisema kwa mdomo. Kimenyi akakamatwa. Kisha wakubwa wakasoma, wakasema haifai: mama hawezi kumsemea mwanawe, sheria inataka mkalimani aliyefundishwa. Wakatafuta wilaya yote ya Rubavu, hakuna. Kimenyi akarudi vichanjani kwake, funguo kidoleni, na wanawake wakampigia vigelegele. Mukandori na Belise hawakuitwa tena kazini. Walianza kupalilia vitunguu vya watu. Masika yakaja, yakaisha.

Ndipo Mwalimu Rutayisire alipofika hadi nyumbani kwao, kwa pikipiki, akiwa ameshika kofia ya chuma kama bakuli. Alikulia Karagwe, upande wa Tanzania, na Kiswahili chake kilikuwa cha shuleni, kila neno limevaa shati.

"Mama, tunakuja kufundisha wakalimani hapa Gisenyi," alisema. "Wa kuwasaidia viziwi waliofanyiwa ukatili. Lakini mkalimani hafundishwi kwa ubao peke yake. Anahitaji mtu halisi, mwenye habari halisi."

"Na kesi yake?"

"Wakihitimu, mmoja wao atakwenda naye kwa mpelelezi. Nakupa neno langu."

Mukandori hakuwa amepewa neno na mtu yeyote tangu kesi isimame. Alilipokea kwa mikono miwili.

*

Siku ya pili ya mafunzo, Belise alipozungusha kidole, Mwalimu alisimamisha darasa.

"Hii ni alama gani?"

Wanafunzi wakatazamana. Igor akasema labda ni feni.

"Ile ni jina," alisema Mukandori kutoka nyuma. "Ni Kimenyi. Anazungushaka funguo."

"Mama, tafadhali!" Mwalimu aliinua kiganja kama anayezuia gari. "Hapa hatutaji majina. Siri ya mwathirika ni kitu cha kwanza kabisa. Na huyo bwana bado hajahukumiwa. Andikeni hilo, wote."

Wote wakaandika. Mwalimu akamwendea Belise, akamshika kidole kwa upole, akakikunja kikarudi ndani ya ngumi. Halafu akamwonyesha: viganja viwili vinatazamana mbele ya kifua, vinashuka pamoja, kama mtu anayepima upana wa mlango. Mtu. Belise akazungusha kidole. Mwalimu akakikunja tena, akashusha viganja. Belise akamtazama machoni, akamtazama mdomoni, kisha akashusha viganja vyake.

Mwalimu akainua mikono yote miwili juu na kuitikisa hewani, ndivyo viziwi wanavyopigiana makofi, na ukumbi mzima ukatikisa mikono. Mikono kila mahali, kama majani ya migomba upepo ukitoka ziwani. Belise aliigeukia yote, akacheka. Ilikuwa sauti ya kooni, nzito, ya kukwaruza. Mukandori hakuwa ameisikia tangu kabla ya masika. Neno la kupinga lilikuwa limemfika mdomoni, akalimeza.

Kesho yake ikawa zamu ya stoo ya nyavu. Wanafunzi walisoma vidole vile vilivyosukwa, huyu akasema kikapu, yule akasema mkeka, mwingine akasema nywele. Wakati unakwenda, chakula cha mchana kiko tayari. "Sema nyumba tu," aliamua Mwalimu, akamwonyesha alama ya nyumba. Belise akaipata mara moja. Mikono ikatikiswa tena.

Wakati wa chai, msichana mmoja mwanafunzi alikuja kukaa karibu na Mukandori. Aliitwa Cyuzuzo, mtoto wa mjini, kucha fupi, sauti ya chini. Igor akafuata na chapati mbili.

"Mama Belise, mi sasa nalala nikisema na mikono," alisema Igor. "Bibi yangu ameniuliza kama napiga mbu."

"Ayi we, Igor, ungepiga kweli," alisema Cyuzuzo. "Unavyosema ni kama mbu ndiyo wanakuelewa peke yao."

Mukandori alicheka kidogo, kwa adabu. Halafu akauliza kile kilichokuwa kinamkaa rohoni.

"Mwanangu, siku ile kwa Afande, atasema ile yake? Ya kidole?"

"Siku ile atasema yote, Maman. Hapa ni zoezi tu."

"Na yeye anajua kama hapa ni zoezi?"

Cyuzuzo aliacha kukoroga chai. Alitazama upande ule Belise alipokaa peke yake, anakula andazi lake huku ameshikilia kiganja chini ya kidevu ili makombo yasianguke kwenye zulia.

"Nitamwambia," alisema.

Akamwendea. Mukandori alimwona akimwonyesha alama ya zoezi, polepole, mara mbili. Belise aliweka andazi chini, akajifuta vidole, akaiga alama ile bila kukosea hata kidogo. Kisha akangoja, mabega yameinuka, macho kwa Cyuzuzo. Mwishowe Cyuzuzo akainua mikono yake na kuitikisa.

*

Vyeti vilitolewa siku ya Ijumaa, kukapigwa picha nje kwenye nyasi. Jumatatu iliyofuata Cyuzuzo alikuja kweli. Alikuwa amevaa koti la dada yake. Wakamkuta Védaste kwenye ofisi yake ndogo, yenye meza moja, viti vitatu na kalenda ya mwaka uliopita. Védaste alikuwa mtu mnene aliyekulia Goma, upande wa Kongo, kama vile Mukandori alivyokulia Masisi, na siku ya kwanza ile Kiswahili cha kwao kilikuwa kimewasogeza karibu.

"Mama Belise, umezeeka," alisema.

"Ni vitunguu, Afande."

"Bon. Mukalimani ni huyu? Lete cheti."

Cyuzuzo akampa. Védaste akakiinua kwenye mwanga kama anayekagua noti.

"Donc, we umefundishwa."

"Ndiyo, Afande. Nimefundishwa."

"Muzuri sana. Sasa iko sawa. Mama, toka nje."

"Afande, mi nitakaa tu kimya. Sitafungua kinywa."

"Mama, ju ya kinywa yako kesi yote ilikwama. Nje."

Nje kulikuwa na benchi chini ya dirisha. Mukandori alikaa, akasimama, akakaa. Dirisha lilikuwa limefungwa, na uani kijana wa getini alikuwa anaosha pikipiki huku redio yake ikipiga kelele, kwa hiyo kutoka ndani haikutoka hata sauti moja. Mukandori akasimama tena, akashika nondo, akachungulia. Mdomo wa Védaste ulifunguka na kufumba. Mdomo wa Cyuzuzo ulifunguka na kufumba. Mikono tu ndiyo aliyoielewa.

Belise alikuwa amekaa wima, viatu vimebanana, nywele amezisuka upya jana yake. Alianza vizuri. Alikuwa na utulivu ambao hakuwa nao siku ile ya kwanza, siku aliyoonyesha huku akitetemeka na kurudia mambo mara mbili. Kila alama ilitoka safi, inamaliza mwendo wake, inangoja. Védaste alikuwa anaandika. Kisha akauliza kitu, Cyuzuzo akakigeuza, na Mukandori akaona kwamba ni swali la mahali. Wapi?

Nyumba, alisema Belise.

Védaste aliinua kichwa. Akafungua karatasi za nyuma, akasoma, akauliza tena. Nani?

Belise akaweka viganja viwili mbele ya kifua, vikitazamana, akavishusha pamoja. Mtu. Halafu akamtazama Cyuzuzo, mabega yameinuka, anangoja.

Cyuzuzo hakutikisa mikono. Aliuliza tena, nani, kwa uso wote, nyusi zimepanda, karibu anaomba. Belise akadhani amekosea mwendo. Akaifanya tena, polepole zaidi, nzuri zaidi. Mtu.

Mukandori alipiga kioo kwa fundo la kidole. Belise hakusikia, kwani angesikiaje. Aliyesikia ni Védaste, lakini hakugeuka. Mukandori akapiga tena. Akaingiza mkono katikati ya nondo, akainua kidole cha shahada mbele ya kioo, akakizungusha. Akakizungusha na kukizungusha, kama anayekoroga sufuria, mpaka kivuli chake kikapita juu ya meza. Belise akageuka. Akaona mama yake. Akatabasamu. Akatazama kidole kile, akakitazama tena, tabasamu likamtoka, na kwa kusitasita kidole chake mwenyewe kikainuka kutoka mapajani na kuanza kuzunguka.

Wakati huo Védaste naye alikuwa amegeuka. Alimkuta mama yule dirishani, mkono umepita nondo, kidole juu.

Mlango ulifunguliwa.

"Nimeona," alisema Védaste. "Nimeona na macho yangu."

"Afande, ile ni jina. Ni Kimenyi, tulikuambia kutoka mwanzo..."

"Mwanzo ni we ulisema. We! Kimenyi, stoo ya nyavu. Leo tuko na mukalimani wa sheria, mutoto anasema mutu, anasema nyumba. Mara mbili nimemuuliza. Mara mbili amesema mutu. Halafu we unamupigia kidole kwa dirisha, na yeye anabadilisha." Hakuwa amekasirika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyebeba mzigo akaambiwa si wa hapa. "Mama, huyu mutoto amefundishwa."

"Ndiyo, Afande!" Mukandori alishika neno lile kama kamba. Si lilelile alilosifiwa Cyuzuzo muda mfupi uliopita? "Amefundishwa! Kule kwa hoteli, wiki muzima. Batu yote walikuwa pale, walimuonyesha vile ya kusema!"

Cyuzuzo alifumba macho.

"Mumesikia?" Védaste aliuliza, ingawa hakukuwa na mtu mwingine wa kusikia isipokuwa kijana wa getini aliyekuwa ameacha pikipiki na povu lake. "Mumesikia vile mwenyewe amesema?"

"Afande," alisema Cyuzuzo, "ilikuwa zoezi. Mwalimu alikataza kutaja jina, ju ya siri. Yeye akafikiri ndiyo lugha. Akafikiri ile yake ni makosa..."

"We ni mukalimani ao ni shahidi?"

"Mukalimani."

"Mukalimani anasema kile mikono imesema. Nilipouliza nani, mikono ilisema nini?"

Cyuzuzo alitazama koti la dada yake, vifungo vyake.

"Sema."

"Mtu."

"Bon." Védaste akarudi ndani kuandika.

Belise alikuwa bado amekaa kwenye kiti chake. Kidole chake kilikuwa kimesimama.

*

Cyuzuzo alimpigia Mwalimu simu wakiwa nje ya geti, chini ya mkaratusi. Aliongea kwa muda mrefu, akienda na kurudi. Mukandori alisubiri huku akimfunga Belise kamba za viatu, ingawa Belise alijua kuzifunga.

"Yuko Musanze," alisema Cyuzuzo aliporudi. "Anasema poleni sana. Anasema hii ndiyo inaonyesha kama mafunzo haitoshi, ataomba waongeze wiki moja." Aliifuta simu kwa kiganja. "Na anauliza... Maman, usikasirike. Anauliza kama Belise anaweza kwenda kwa kundi ya Musanze, mwezi unaokuja. Anasema hajapata mutu anaeleza muzuri kama yeye."

"Na karatasi ya Afande?"

"Itaenda kwa wakubwa. Wakubwa watasoma."

"Watasoma 'mtu'."

Cyuzuzo alimshika Belise mkono, akauachia, akaenda zake upande wa mjini na cheti chake ndani ya bahasha.

Wakatembea. Barabara ya Nyamyumba inafuata ziwa, inapanda na kushuka, na siku ile kulikuwa na harufu ya kimea kutoka kiwanda cha bia na harufu ya sambaza, moja ikiingia ndani ya nyingine. Belise alitangulia. Alitembea kama mtu aliyetoka kufanya kazi ngumu akaimaliza. Mara kwa mara aligeuka kumtazama mama yake usoni, akiuliza kwa nyusi: ilikuwa nzuri? Mukandori alikuwa anatafuta. Kwenye lugha yao yote, ya mvua na samaki na bega, hakukuwa na alama ya faili. Hakukuwa na alama ya mpelelezi, wala ya wakubwa, wala ya neno ambalo likiwa kwa mmoja ni cheti na kwa mwingine ni kosa.

Walipofika juu ya vichanja, Belise aliacha kutangulia. Alihama upande, mama yake akawa katikati yake na ziwa. Chini kule wanawake walikuwa wameinama juani, wanageuza samaki kwa viganja, na kati yao mtu mmoja alisimama wima. Usoni hakuonekana vizuri kwa umbali. Kilichoonekana ni mng'ao mdogo pembeni yake, unawaka na kuzimika, unawaka na kuzimika.

Mukandori alisimama. Akamgeuza Belise amtazame. Alitaka kuanza kumwambia, na hakuona pa kuanzia ila pale. Akainua kidole cha shahada, akakizungusha.

Belise alikitazama. Kisha, kwa upole, kama alivyofanyiwa yeye mbele ya watu, akakishika kidole cha mama yake, akakikunja kikarudi ndani ya ngumi. Akatikisa kichwa. Akaweka viganja vyake viwili mbele ya kifua, akavishusha pamoja, akangoja.

Belise akamshika mikono yote miwili, mikono iliyopasuka kwa vitunguu, akaipanga itazamane, akaishusha yeye mwenyewe. Akaiachia. Akangoja tena, kwa subira.

Mukandori akaweka viganja mbele ya kifua, akavishusha. Mtu.

Na Belise, akiwa amesimama kando ya barabara na viatu vyao vya kufunika, akainua mikono yake juu kabisa, akampigia mama yake makofi yasiyo na sauti.